Kitabu cha shule, gazeti la siku ile au mzee wa kijiweni: uanzie wapi kusoma vita vya Kagera?

Ukitoka Capri Point kwa boti, Saanane ni dakika chache tu. Mwaka jana mwezi wa saba nilimpeleka mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, akaone pimbi wanaoota jua juu ya mawe na swala wanaokula majani bila wasiwasi kama mbuzi wa mtu. Tulipokaa kivulini na karanga zetu nikamwambia kwamba Machi 1979 kisiwa hiki kilipigwa na ndege ya kivita ya Libya, iliyokuwa ikimsaidia Idi Amin wa Uganda katika vita vyake na Tanzania. Rubani alitumwa kulipua matangi ya mafuta ya Mwanza, akaukosa mji mzima, makombora yakaangukia humu. Mfanyakazi mmoja alijeruhiwa, wanyama kadhaa wakafa.

"Mjomba, unanitania. Kwenye kitabu hakuna."

"Kitabu hakina kila kitu."

Akatafuna kidogo. "Haya, niambie. Wao ndio waliotuvamia, au sisi ndio tuliowavamia?"

"Wao."

"Sasa Kampala tulifikaje?"

Nafundisha tuisheni ya historia Kirumba kwa miaka kumi na kitu, na sikuwa na jibu la sentensi moja. Nilichofanya ni kumwekea mezani vitu vitatu ili asome mwenyewe: kitabu cha shule, magazeti na matangazo ya wakati ule, na mzee mmoja wa mtaani kwetu aliyekwenda vitani akiwa mgambo. Tangu hapo wazazi wawili watatu wameniuliza kipi kinafaa zaidi. Majibu yangu ndiyo haya. Msimamo wangu nautoa mapema: mtoto aanze na gazeti, kitabu kifuate. Isipokuwa mtihani uwe wiki ijayo. Hapo fungua kitabu, na mimi usinisikilize.

Kitabu kinajua mwisho

Uzuri wa kitabu cha shule ni mpangilio. Kinakupa mlolongo ambao hakuna mtu aliyekuwa nao wakati mambo yanatokea. Idi Amin anampindua Rais Milton Obote wa Uganda tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Obote anapewa hifadhi Tanzania. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yanavuka mpaka na kulishika eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka linavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere anazungumza na taifa, ile hotuba ya sababu, uwezo na nia ambayo mpaka leo haipiti kampeni bila mwanasiasa kuiazima. Januari 1979 Mutukula inatekwa, Februari Masaka na Mbarara, Machi askari wetu wanapambana na Walibya pale Lukaya, na tarehe 11 Aprili Kampala iko mikononi mwao. Mtoto akishika mstari huo hapotei tena. Gazeti la Novemba 1978 haliwezi kumpa hilo, kwa sababu lilipochapwa Aprili 1979 ilikuwa haijafika.

Lakini kujua mwisho kuna ubaya wake. Kitabu ninachofundishia kinaruka kutoka Kyaka hadi Kampala ndani ya aya moja, kana kwamba ni daladala ya Buhongwa inayopita vituo bila kushusha abiria. Msomaji anatoka hapo akiamini kwamba tangu siku ya kwanza nia ilikuwa kumng'oa Amin. Haikuwa hivyo. Novemba kazi iliyotangazwa ilikuwa kumtoa katika ardhi yetu. Kuvuka mpaka kulikuja kama kulipiza, na kusonga hadi mji mkuu kukaja baada ya hapo, hatua kwa hatua, huku kila hatua ikitafutiwa maelezo yake. Mtu mzima anaweza kuzitetea hatua hizo zote, na mimi nyingi nazitetea. Ila kwanza azione kuwa zilikuwa hatua, na kwamba katika kila moja kulikuwa na watu waliokaa wakaamua.

Kitabu hicho hicho kinaanza sababu za vita na tamaa ya Amin ya kupanua mpaka. Hapo hakijakosea. Kilichokosekana ni mwaka 1972. Septemba mwaka ule wafuasi wa Obote waliingia Uganda wakitokea Tanzania, wakapigwa vibaya, na ndege za Amin zikaja kulipiza: zikapiga Bukoba, zikapiga na Mwanza. Oktoba pande mbili zikatia saini makubaliano Mogadishu kwa usuluhishi wa Siad Barre wa Somalia. Mwanafunzi wa Mwanza asiyeambiwa kwamba mji wake ulipigwa mabomu miaka sita kabla ya vita hawezi kuelewa kwa nini wazee walikuwa na hasira kiasi kile mwaka 1978. Na asiyeambiwa kwamba waliokwenda mwaka 1972 walitokea upande wetu hawezi kuelewa Amin alikuwa akipiga kelele juu ya nini, hata kama kelele zake nyingi zilikuwa za uongo.

Gazeti halijui kesho

Sasa twende kwenye magazeti. Kabla hujampa kijana gazeti la mwaka 1978, mweleze lilikuwa la nani. Daily News lilikuwa la serikali, lilizaliwa mwaka 1972 kwa kuunganisha The Standard, lililokwisha kutaifishwa, na The Nationalist. Uhuru lilikuwa la chama. Habari zilipitia Shihata, shirika la habari lililoundwa mwaka 1976. Televisheni Bara hakukuwa nayo kabisa. Kwa watu wengi wa kanda hii hata gazeti halikuwa jambo la kila siku. Habari ilikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam, betri zikiwepo. Hivyo anayesema "tulinganishe vyombo vya habari vya wakati ule" ajue analinganisha milango kadhaa ya nyumba moja.

Hata hivyo naliweka mbele, na sababu yangu ni hii: gazeti la siku ile linabeba wasiwasi. Ukiyapekua majalada ya miezi ile unakuta michango ya ng'ombe na fedha kutoka mikoani, unakuta vijana wanaojiandikisha, unakuta neno nduli limeshageuka cheo, kwamba Amin hatajwi bila kulitanguliza. Mtoto anaona jinsi nchi inavyojiandaa moyo. Kitabu kitamwambia "wananchi walihamasika" na atakariri. Gazeti litamwonyesha walivyohamasishwa, siku baada ya siku, kwa maneno yapi, na nani alikuwa anayachagua maneno hayo.

Na faida ya kusoma siku kwa siku ni kwamba uongo nao unaonekana ukizaliwa. Upande wa pili ndio ulioanza. Redio Uganda ilidai kwanza kwamba Tanzania ndiyo imevamia, kisha ikajigamba kwamba eneo la kaskazini ya Kagera limetwaliwa kwa dakika 25. Dakika 25! Kutoka Mwanza mjini hadi Usagara kwa daladala siku ya foleni hufiki kwa muda huo. Kila mtu anacheka dakika 25 za Amin. Wakati mgumu kwa msomaji wa Kitanzania unakuja baadaye, kati ya Februari na Aprili 1979. Majeshi yetu yako ndani ya Uganda, na katika habari rasmi anayetangulizwa mbele ni mpiganaji wa Uganda aliyekuwa uhamishoni. Hao kweli walikuwepo na walipigana. Ila mzigo mkubwa wa vita ulibebwa na JWTZ, na kila aliyekuwa akiishi Mwanza alijua, maana mabasi na malori yaliyochukuliwa kubeba askari aliyaona yakiondoka, na ndege za jeshi alizisikia zikiruka kutoka uwanja wetu. Ilibidi mtu aamini redio au macho yake.

Palikuwa na sababu ya kidiplomasia. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine, na Julai 1979 kwenye mkutano wa Monrovia viongozi kama Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitulaumu waziwazi. Hoja ya Mwalimu ilikuwa kwamba vilikuwa vita viwili: kimoja cha Tanzania kumfukuza mvamizi, kingine cha Waganda kujikomboa. Ni hoja nzito, nami sina haraka ya kuicheka. Lakini ukishaijua, unaelewa kwa nini gazeti la Machi liliandikwa vile. Kitabu kinakupa hoja ikiwa imekwisha kukauka, gazeti linakuonyesha ikitumika ikiwa bado mbichi.

Ubaya wa gazeti ni upatikanaji. Magazeti ya zamani Mwanza utayakuta sokoni yamefungia karanga na dagaa. Majalada kamili yako Dar es Salaam, hasa kitengo cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu, na si kila mzazi ana nauli ya mtoto kwenda kusoma gazeti. Mimi nilikwenda mara moja, nikanakili kurasa ishirini na kitu, ndizo ninazozungusha darasani hadi zimechakaa pembe. Rekodi ya hotuba ya Novemba 1978 ni rahisi zaidi, iko mtandaoni, simu yoyote inaicheza. Msikilizishe mtoto sauti yenyewe. Mwalimu hapazi sauti kama wanavyomwigiza, na kila akinyamaza kidogo unaona ukumbi mzima unasubiri neno linalofuata.

Nani alibomoa Masaka

Hapa ndipo nawachelewesha wanafunzi wangu kuliko mahali pengine popote, na wengine hukasirika wakidhani nimewageuzia kipindi kuwa cha Kiswahili.

Naandika ubaoni sentensi nne:

Masaka ilibomoka.
Masaka ilibomolewa.
Majeshi yaliibomoa Masaka.
Tuliibomoa Masaka.

Kisha nauliza: tofauti ni nini? Ya kwanza mji umejibomokea wenyewe, kama ukuta wa udongo mvua za masika zikizidi. Ya pili kuna aliyebomoa, ila hatumtaji. Ya tatu tumemtaja kwa mbali. Ya nne tumejitaja. Ukweli wa tukio ni kwamba Februari 1979 Masaka ilipigwa kwa mizinga, na baada ya kutekwa majengo yake mengi yakalipuliwa kulipiza yale waliyoyafanya wanajeshi wa Amin Kagera, ambako hukadiriwa raia wapatao 1,500 waliuawa. Mutukula kabla ya hapo ilisawazishwa kwa tingatinga. Sentensi zote nne zinaweza kuandikwa juu ya tukio hilo hilo na mwalimu yeyote akazitia vema.

Sasa chukua kitabu na kurasa za gazeti, uvishike sambamba, utafute vitenzi tu. Maneno mengine usiyasome. Kwenye kitabu, Amin *anavamia*, *anaua*, *anapora*, vitenzi vyenye mtu. Upande wetu mpaka ukishavukwa, vitenzi vinaanza kulegea: majeshi *yanaingia*, miji *inakombolewa*, Kampala *inaanguka*, utawala *unaondoka*. Kampala ilianguka kutoka wapi? Mwanafunzi mmoja wa kike aliwahi kuniambia, "Mwalimu, kama embe." Darasa likacheka, lakini nusu ya somo alikuwa amelimaliza yeye.

Gazeti la siku ile, kinyume na mtu anavyotarajia, limejaa *sisi*. Tutampiga, tunasonga, vijana wetu. Lina kiburi, lina kelele, lakini mtendaji yupo. *Sisi* hiyo inapotea ghafla zile wiki za kuelekea Kampala, wanapopewa nafasi *wapigania uhuru wa Uganda*. Kwa hiyo katika gazeti unaweza kuweka kidole mahali hasa ambapo mtendaji alibadilishwa. Katika kitabu huwezi, kwa sababu mkono wa mhariri umepita aya nzima ukalainisha kila kitu kwa kiwango kimoja. Hilo ndilo hasa linalonifanya nilipendelee gazeti kwa kufundishia, pamoja na upendeleo wake wote.

Hata jina la vita ni la kuchunguzwa. Tunaviita vita vya Kagera. Ukihesabu miezi, mapigano ndani ya Kagera yalikuwa sehemu ndogo. Kuanzia Januari 1979 hadi mwanzoni mwa Juni, askari wetu walipofika mpaka wa Sudan, vita vilikuwa vinapiganwa Uganda. Lakini jina limebaki pale vilipoanzia, na jina hilo linamweka msikilizaji nyumbani kwake, akilinda mlango. Mwaka 1979 mkoa wenyewe, uliokuwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina Kagera.

Hatuko peke yetu katika hili. Mwaka 1982 China na Korea Kusini zilikasirikia Japani baada ya magazeti ya Japani kuripoti kwamba wizara ya elimu imelazimisha kitabu cha shule kiache kusema Japani *iliivamia* China, kiseme *ilisonga mbele*. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba baadaye ikagundulika taarifa ile iliandikwa kwa haraka: badiliko lenyewe, kwa kitabu kile walichokitaja, halikufanyika. Wizara kushinikiza maneno laini lilikuwa jambo la kweli, la miaka mingi, lakini mfano ulioiwasha dunia ulikuwa na kasoro. Gazeti lilikuwa linamkamata mwandishi wa kitabu, lenyewe likateleza.

Mzee wa kijiweni

Chaguo la tatu ndilo watu wanalolidharau au wanaloliabudu, moja kati ya hayo mawili. Mzee wetu anakaa kwenye kijiwe cha kahawa karibu na mwalo wa Kirumba. Nilimpeleka mpwa wangu Jumamosi moja asubuhi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Huyu ndiye anayetaka vita? Kaa hapa, ile benchi nyingine mguu wake umelegea."

Hakuanza na Amin. Alianza na viatu. Alipewa jozi iliyombana akatembea nayo kutoka mpakani hadi akaivua, akabeba begani. Alisimulia matope, ndizi za kuchemsha za Masaka, malori yaliyopinduka usiku yakiwa hayana taa. Hadithi ya malori niliisikia kwa masikio mawili, kwa sababu hesabu inayotajwa sana ya askari wetu waliokufa ni 373, na kati yao waliouawa mapiganoni ni 96. Zaidi ya theluthi mbili walikufa kwa ajali na mambo mengine. Hilo hulioni gazetini, na kitabuni mara nyingi unapewa neno "mashujaa" likiwafunika wote. Mzee, ambaye hajawahi kusikia takwimu hiyo, alitaja malori matatu kabla hajataja risasi.

Mpwa wangu akamuuliza lile swali lake. Babu, mlikwenda kukomboa au kuvamia?

Mzee akapuliza kahawa. "Kwenda, tulikwenda kumfukuza. Tulipofika kule wenyewe wakatuita wakombozi. Sasa wewe unataka nikatae?"

Kweli, Uganda ya wakati ule askari wa Tanzania waliitwa *bakombozi*, Kiswahili chetu kikiwa kimevaa kanzu ya Kiganda. Na roketi zetu walizipachika jina Sabasaba. Mtoto wa Mwanza akisikia Sabasaba anawaza TANU na maonyesho ya biashara. Mtu mzima wa Masaka anaweza kuwaza mlio uliomfanya ajifiche chini ya kitanda. Neno ni lile lile, na umbali kati ya miji hiyo miwili si mkubwa, ziwa limekaa katikati tu.

Udhaifu wa mzee ni kwamba vita vyake ni vipana kama macho yake. Tarehe anazichanganya, vikosi anavichanganya, na kuna mambo anayaruka. Nilimuuliza juu ya majengo ya Masaka akaagiza kahawa nyingine. Sikumsukuma. Usimtume mtoto kwa mzee kabla hajajua mlolongo, maana atarudi na hadithi tamu asiyojua aiweke wapi; na usimtume na orodha ya maswali ya mtihani, maana mzee atajibu kama anavyojua mwalimu anataka.

Bei, na yaliyofuata

Kwenye gharama vyanzo vyote vitatu vinaachana kabisa. Kitabu: "uchumi uliyumba", basi. Gazeti la mwaka 1979: kufunga mkanda kwa miezi 18, wito wa Mwalimu mwenyewe, kwa sauti ya matumaini. Mzee na mke wake: foleni ya sabuni, sukari ya kugawiwa, duka la RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, lisilo na kitu, na miezi 18 iliyoendelea hadi wakaacha kuihesabu. Gharama inayotajwa kwa kawaida ni dola milioni 500. Haiwezekani kulaumu vita pekee kwa shida za miaka ya themanini, maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mafuta yakapanda bei mwaka 1979, lakini mtoto anayesoma "uchumi uliyumba" hajasoma kitu.

Kilichosahaulika karibu kote ni baada ya Aprili 1979. Yusuf Lule, rais aliyemfuata Amin, alikaa madarakani siku 68. Akaja Godfrey Binaisa, akaondolewa Mei 1980. Desemba ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Obote, na Waganda wengi hawakuuamini. Askari wetu waliondoka mwaka 1981. Kitabu kinafunga ukurasa Kampala. Magazeti yaliendelea kuandika, ila kurasa za ndani, kidogo kidogo. Hapa ushauri wangu ni kutafuta masimulizi ya Waganda wenyewe. Kule vita hivi ni vita vya ukombozi vya mwaka 1979, Watanzania wanashukuriwa, na katika pumzi hiyo hiyo wanaulizwa juu ya Masaka, Mbarara na uchaguzi ule. Shukrani na lawama vimekaa pamoja bila kugombana. Sijaona kitabu chetu kilichoweza hilo.

Kama ni operesheni za karibuni

Wapo wazazi wanaosema Kagera ni ya zamani, mtoto wao anataka kujua ya sasa. Kwa Comoro ya mwaka 2008, Kongo kuanzia mwaka 2013 au Msumbiji kuanzia mwaka 2021, uchaguzi ni mwepesi: kitabu kimechelewa, soma magazeti, lakini soma na waraka wenyewe ulioiruhusu operesheni. Mfano wa Kongo unatosha. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013, liliunda brigedi ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ikiwa na ruhusa ya kuyashambulia makundi yenye silaha, si kusubiri yashambulie. Kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, na kabla mwaka haujaisha waasi wa M23 walikuwa wamesalimu amri. Magazeti yetu yaliendelea kuwaita askari wale walinda amani. Jina halikuwa la uongo, maana walikuwa chini ya kofia ya Umoja wa Mataifa. Lakini msomaji wa kawaida aliposikia Desemba 2017 kwamba kambi ya Semuliki imeshambuliwa na askari 14 wa Tanzania wameuawa, alishangaa: mlinda amani anauawaje? Idadi yenyewe ilipanda baadaye hadi 15, na aliyesoma gazeti la siku ya kwanza tu amebaki na 14 hadi leo.

Kwa hiyo uchague nini

Mwanafunzi wa mtihani, kitabu, na asahihishe vitenzi pembeni kwa penseli. Mwalimu wa darasa la watoto arobaini, kurasa tano za gazeti zilizonakiliwa kuliko kitabu kipya kwa kila mtoto. Ni rahisi zaidi na mjadala hauishi. Mtu mzima anayetaka kuelewa kwa nini baba yake hataki kuzungumzia mwaka 1979, aanze na baba, akishindwa aende kwenye gazeti. Mzazi mwenye uwezo wa kitu kimoja tu, bila nauli ya Dar es Salaam wala mzee jirani: ile hotuba ya Novemba kwenye simu, isikilizwe mara mbili, ya pili baada ya kuangalia ramani na kuona Mutukula iko wapi na Kampala iko wapi.

Na kama una mzee, wahi. Jenerali David Musuguri wa Butiama, aliyekuwa miongoni mwa makamanda wakuu wa vita vile, alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104. Waliokuwa vijana wa mgambo nao sasa wanatembelea fimbo. Wa kwetu anapatikana asubuhi kabla ya saa nne. Akishakula mchana analala, na akiamka huzungumzia sangara tu.

Mpwa wangu alirudi kwake Jumamosi iliyofuata bila mimi, na daftari. Nilipolifungua jioni nilikuta ukurasa wa kwanza una sentensi yake ya mtihani, "Tanzania ilimshinda Idi Amin mwaka 1979", tarehe sahihi, alama atapata. Chini yake, kwa wino mwingine, ameandika: "Tuliingia Masaka. Babu hataki kusema. Nimuulize tena akimaliza kahawa ya pili."